Jinsi ya Kupima Oksijeni ndani ya Figo kwa Mashine ya MRI

Figo hupokea takriban moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, lakini tabaka lake la ndani lina oksijeni kidogo wakati wote, kwa sababu damu inayofika huko ni haba na mirija yake inafanya kazi nzito ya kurudisha chumvi mwilini. Ndiyo maana tabaka hilo huumia mapema oksijeni inapopungua, na kipimo kinachoweza kuliona bila kuchoma sindano ndani ya figo kina thamani kubwa.

Kabla ya kumlaza mtu kwenye mashine, ni lazima kuelewa kinachopimwa. MRI, mashine inayopiga picha za mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio, haioni oksijeni yenyewe. Mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell walionyesha kwamba hemoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, haivutwi na sumaku ikiwa imeibeba, ilhali ile iliyokwisha kuiachia huvutwa. Seiji Ogawa na wenzake waliitumia tofauti hiyo mwaka 1990 kupiga picha za ubongo wa panya, na mwaka 1996 Pottumarthi Prasad na wenzake wakaitumia kwenye figo za binadamu. Damu iliyopoteza oksijeni huvuruga uga wa sumaku unaoizunguka, hivyo mawimbi yanayorudi kutoka kwenye tishu hufifia upesi zaidi. Kasi hiyo ya kufifia huandikwa R2*, na ikipanda, mara nyingi ni dalili kwamba oksijeni imepungua. Hakuna haja ya kumchoma mgonjwa dawa ya kung'arisha picha, jambo ambalo ni nafuu kubwa kwa mwenye figo dhaifu.

Maandalizi ndiyo yanayoharibu vipimo vingi. Maji mengi yaliyonywewa asubuhi yanaweza kubadilisha R2* ya tabaka la ndani, kwa hiyo weka utaratibu mmoja wa kula, kunywa na kutumia dawa, na uufuate kwa kila mtu na kila anaporudi. Muulize kuhusu vyuma mwilini na kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, kisha mwombe aende haja ndogo.

Chagua vipande vya picha vinavyofuata urefu wa figo, ili matabaka yote mawili, la nje na la ndani, yaonekane pamoja, na usawazishe uga wa sumaku juu ya figo zenyewe, kwa kuwa gesi ya utumbo iliyo karibu huupotosha na kuzaa eneo linalofanana na lililokosa oksijeni. Tumia mfuatano wa upigaji picha unaokusanya miangwi mingi, yaani mawimbi yanayorudi kutoka kwenye tishu, baada ya mpigo mmoja wa mawimbi ya redio, kwa mfano miangwi 12 kati ya milisekunde 5 na 50. Figo hupanda na kushuka pamoja na kiwambo cha kupumulia, kwa hiyo mgonjwa aambiwe polepole, kwa maneno yale yale kila mara: "Vuta pumzi. Itoe. Sasa bana." Kubana baada ya kutoa pumzi huirudisha figo karibu na mahali pale pale. Mfanyishe mazoezi kabla mashine haijaanza kupiga kelele, maana sekunde 15 ni nyingi kwa mgonjwa.

Programu ya uchambuzi huchora mteremko wa kufifia kwa kila nukta ya picha. Chukua nukta yenye R2* ya 20 kwa sekunde: baada ya milisekunde 50 hubakiza takriban asilimia 37 ya nguvu yake ya mwanzo. Yenye R2* ya 30 hubakiza takriban asilimia 22. Kwenye mashine ya tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), namba hizo mbili ziko karibu na zinazopatikana katika tabaka la nje na la ndani la figo yenye afya. Kwenye tesla 1.5 namba huwa ndogo zaidi, hivyo usilinganishe mashine mbili zenye nguvu tofauti.

Jaribio ninalolithamini zaidi ni la furosemidi, dawa ya kuongeza mkojo ambayo wengi huijua kama Lasix. Daktari akiridhika kwamba ni salama, mgonjwa hudungwa miligramu 20 kwenye mshipa, na picha hurudiwa baada ya takriban dakika 15. Dawa hiyo husimamisha pampu za chumvi kwenye mirija ya tabaka la ndani, matumizi ya oksijeni hupungua, na R2* ya tabaka la ndani lenye afya hushuka. Isiposhuka, huenda mirija hiyo haifanyi kazi kama inavyopaswa, au dawa haikuifikia.

Soma matokeo kwa tahadhari. Kwa mgonjwa wa selimundu, madini ya chuma kutoka kwenye seli nyekundu zilizovunjika hujikusanya katika tabaka la nje la figo na kupandisha R2* hata pasipo upungufu wa oksijeni. Upungufu wa damu nao hubadilisha namba, kwa kuwa hemoglobini yenyewe ni chache. Kwa hiyo ripoti itaje kiwango cha hemoglobini, nguvu ya sumaku, nyakati za miangwi, hali ya maji mwilini na dawa alizotumia mgonjwa siku hiyo, na iandike R2* kama ilivyopimwa, bila kuigeuza kuwa kiwango cha oksijeni.