Kuunganisha data za biashara bila kujenga paipulaini

Biashara nyingi data zake zimekaa vipande vipande, mauzo yapo kwenye databesi moja, malipo yapo kwenye programu ya uhasibu, alafu kuna lile faili la Excel la stoo ambalo ndo kila mtu analiamini. Bosi akiuliza kitu kidogo tu, mfano wateja gani wamechukua mzigo mwezi uliopita na hawajamaliza kulipa, watu wanashinda wanakopi na kupesti mpaka jioni. Na dawa inayotajwa kila mara ni ile ile, tafuta injinia ajenge paipulaini, yaani programu za kuchomoa data usiku, kuzisafisha na kuzimwaga kwenye ghala moja kubwa. Inafanya kazi, sikatai, ila paipulaini ni kitu cha kulea kila siku, mtu akibadilisha jina la kolamu moja kule kwenye chanzo, usiku huo inakatika, asubuhi ripoti inatoka na namba za juzi na hakuna aliyeshtuka.

Mi nachosema ni hivi: usihamishe data mpaka uwe na sababu ya kuihamisha. Iulize huko huko iliko.

Anza na swali moja ambalo kuna mtu kweli analisubiri. Liandike, alafu chini yake andika data zake ziko wapi, nani anazisimamia, na jibu linatakiwa liwe la saa ngapi, la dakika hii au hata la jana linatosha. Watu wanaruka hapa wanakimbilia kuchagua programu, matokeo yake wanaunganisha mifumo yote ya ofisi wakati swali lilihitaji miwili tu.

Kinachofuata ndo kazi yenyewe na hakuna programu itakayokufanyia: mteja mmoja anajulikanaje pande zote mbili? Kwenye mauzo kaandikwa kwa namba ya simu inayoanza na sifuri, kwenye uhasibu namba hiyo hiyo inaanza na namba ya nchi, jina nalo limeandikwa kwa herufi tofauti kila mahali. Tengeneza jedwali dogo la kuoanisha, kolamu tatu tu, namba yenu ya mteja, namba yake kwenye mauzo, namba yake kwenye uhasibu, na umteue mtu mmoja wa kulitunza. Kama mnalitunza kwenye Excel, fomati hizo kolamu ziwe maandishi KABLA ya kuingiza chochote, maana Excel inakula sifuri za mwanzo, na namba ikizidi tarakimu 15 zile za mwisho inazigeuza sifuri, ukishasevu hivyo huzipati tena.

Sasa zana. Kama unaanzia kwenye kompyuta yako, DuckDB, programu ya databesi unayoiuliza data kwa lugha ya SQL, ndo ningekwambia uishike kwanza. Ilizaliwa kwenye taasisi ya utafiti ya CWI kule Amsterdam, ni ya bure, haitaki seva, inasoma mafaili ya data ya CSV, JSON na Parquet moja kwa moja, na ina viongezeo vya kuunganisha databesi za PostgreSQL, MySQL na SQLite. Unaiambia tu:

ATTACH 'dbname=mauzo host=...' AS mauzo (TYPE postgres, READ_ONLY);

Kuanzia hapo unaweza kujoini, yaani kuunganisha mistari inayolingana, jedwali la mauzo na faili la CSV lililotoka uhasibu kwenye kwiri moja (swali moja unaloiandikia databesi), kama vile vyote viko sehemu moja. Hilo neno READ_ONLY, yaani kusoma tu, usiliache, na zaidi ya hapo omba akaunti ya databesi yenye ruhusa ya kusoma tu, tena majedwali unayoyahitaji tu, sio paswedi ya admini.

Kama ofisi tayari inatumia PostgreSQL na watu wengi wanataka jibu hilo, basi ifanye PostgreSQL yenyewe iangalie nje. Kuna kiongezeo kinaitwa postgres_fdw, kipo tangu toleo 9.3 la 2013, unakiwasha, unaitaja seva ya pili, unaweka akaunti ya kuingilia, alafu IMPORT FOREIGN SCHEMA inakuletea majedwali ya kule yaonekane kama ya kwako. Juu yake tengeneza viu, yaani kwiri iliyohifadhiwa inayoonekana kama jedwali, yenye majina ya kolamu yanayoeleweka, watu wa ripoti wasome hiyo viu tu. Siku chanzo kikibadilika unarekebisha viu moja, sio ripoti ishirini. Kampuni yenye vyanzo vingi vya aina tofauti itaangalia Trino, programu ya kuuliza vyanzo vingi kwa pamoja, ambayo imetokana na Presto iliyoanzia Facebook mwaka 2012, ila hiyo inataka seva zake na mtu wa kuzisimamia, kwa biashara ndogo ni mzigo.

Utasikia pia habari ya zero-ETL, yaani kuunganisha bila we mwenyewe kujenga paipulaini, Amazon waliitangaza mwishoni mwa 2022 kwa kuunganisha databesi yao ya Aurora na ghala lao la data la Redshift. Ni nzuri kama vitu vyenu vyote viko kwao. Jua tu kwamba data bado inakopiwa, ila anayekopi ni wao, na kazi ya kuoanisha wateja inabaki palepale kwako.

Kuna mtego unaoharibu namba kimya kimya, naomba usome hapa taratibu. Ankara moja ya 1,000 imelipwa kwa awamu mbili. Ukijoini ankara na malipo moja kwa moja, ile ankara inatokea mara mbili, ukijumlisha unapata mauzo ya 2,000 na hakuna kosa lolote linaloonekana kwenye skrini. Jumlisha malipo kwanza kwa kila ankara, ndo ujoini. Na tumia LEFT JOIN, inayobakiza kila ankara hata isiyo na malipo, ukianzia kwenye ankara, la sivyo wale ambao hawajalipa hata senti, ambao ndo ulikuwa unawatafuta, watapotea kwenye majibu.

Upande wa spidi, andika EXPLAIN VERBOSE mbele ya kwiri yako kwenye PostgreSQL, uangalie mstari wa Remote SQL, unaoonyesha swali linalotumwa kwenye chanzo. Ukikuta vichujio vyako, mfano tarehe, vimepelekwa kule kwenye chanzo, safi. Ukikuta inavuta jedwali zima ndo ichuje huku, utaichosha seva ambayo wauzaji wanaitumia muda huo huo, hapo omba uelekezwe kwenye nakala ya kusomea badala ya databesi kuu.

Kukopi kuna wakati wake pia. Kama chanzo kinafuta cha zamani kinapoandika kipya na we unataka historia, lazima uhifadhi. Kama API (mlango wa kuchukulia data kwenye programu nyingine) ina kikomo cha maombi kwa saa, hifadhi. Kama kwiri ni nzito na jibu la jana linatosha, tengeneza MATERIALIZED VIEW kwenye PostgreSQL, yaani viu inayohifadhi jibu lake, uiapdeti usiku kwa amri moja ya REFRESH. Ila kopi hicho tu, mengine yaache yalipo.

Kabla hujamtumia bosi ripoti, chukua wateja watano, wawili kati yao wawe waliolipa kwa awamu, ukae na mtu wa uhasibu mlinganishe salio la kila mmoja na lile analoliona yeye kwenye programu yake. Hata mmoja akitofautiana, rudi kwenye jedwali la kuoanisha kwanza kabla hujagusa kwiri.