Kuandika insha ya ndoto ya Marekani ukiwa Lubumbashi

Insha binafsi inayopelekwa kwenye vyuo vya Marekani kupitia Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuomba nafasi katika vyuo vingi kwa pamoja, haizidi maneno 650, na ikiwa chini ya 250 mfumo unaikataa. Wanafunzi wengi wa hapa huijaza sifa za Marekani: nchi ya uhuru, nchi ambako kila kitu kinawezekana. Atakayeisoma anaishi huko na nchi yake anaijua. Asichokijua ni Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, na wewe ndiwe uliyekulia Katuba.

Anza na karatasi, kompyuta baadaye. Andika siku moja ya kawaida ukiwa na miaka 35: umeamka mji gani, asubuhi unafanya kazi gani, nani anakulipa, jioni unakula na nani. Tumia Kiswahili au Kifaransa, ile inayokutoka bila kubana. Kila ulipoandika "furaha" au "mafanikio", futa, weka kitendo. Tazama sentensi hizi mbili:

"Ndoto yangu ni kufika Marekani, nifaulu na niishi kwa furaha."

"Nataka maabara ndogo ya kupima maji ya mto Kafubu, mama anayemwagilia mboga za lengalenga ajue kama kuna metali ndani yake, na Jumapili nile bukari na tomsoni na wadogo zangu."

Ya kwanza inaweza kuandikwa na mtu yeyote wa Manila au Lima. Ya pili imeshasema mji, kazi, watu, na sababu ya kuomba kusoma kemia. Wala hakuna aibu kuweka bukari (ugali wetu) na tomsoni (samaki) kwenye insha ya chuo kikuu; eleza kwa maneno matatu ni nini, uendelee. James Truslow Adams, mwanahistoria aliyeueneza usemi wa ndoto ya Marekani mwaka 1931, mwenyewe alisema si ndoto ya magari na mishahara mikubwa tu. Ila usimnukuu: nafasi ni ndogo, na wasomaji hao wamechoka na nukuu.

Ukishapata siku hiyo, rudi nyuma. Hapa ndipo insha nyingi huharibika, kwa sababu mwandishi hukaa miaka 20 mbele na msomaji hana cha kushika. Ya kesho yapewe maneno kama 150. Maneno 400 yawe ya ulichokwisha kufanya: ulipima nini, ulimfundisha nani, kilikataa wapi, ukabadilisha nini. Umaskini na vita vitaje kama vilikugusa, lakini visiwe insha nzima. Chuo hakichagui mwenye mateso mengi, kinatafuta mtu anayefikiri. Kisha ndiyo uandike kwa Kiingereza. Sentensi ndefu za mtindo wa Kifaransa zikate mbili. Soma kwa sauti. Pumzi ikikuishia, weka nukta.

Usipoteze maneno ya insha kutetea alama zako. Asilimia 65 kwetu ni alama ya heshima, lakini kwenye shule nyingi za Marekani ni jirani na kufeli. Kazi ya kueleza hilo ni ya prefe, mkuu wa shule yako, katika barua yake: aseme alama zinatolewaje na wewe ulikuwa wa ngapi darasani. Mwone mapema, maana bulletin (ripoti za alama) za miaka minne ya mwisho zinahitaji pia tafsiri ya Kiingereza. Vyuo vingi hufunga maombi ya kawaida mwanzoni mwa Januari, na Common App ya mwaka mpya hufunguliwa tarehe 1 Agosti. Ushauri wa EducationUSA, huduma ya serikali ya Marekani kwa wanaotaka kusoma huko, ni wa bure, kwa hiyo anayekudai dola mia kadhaa akuandikie insha anakuuzia alichowauzia wengine.

Jambo la mwisho hufikiriwa na wachache. Ukikubaliwa, chuo kinakupa fomu I-20, ya kuombea visa ya mwanafunzi. Unalipa ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni) dola 350 na ya visa dola 185 (angalia tovuti rasmi kabla ya kulipa, ada hupanda), halafu unasafiri hadi Kinshasa kwa mahojiano ya dakika chache kwenye dirisha la ubalozi wa Marekani. Sheria inamtaka afisa wa visa akuhesabu kuwa unataka kuhamia huko moja kwa moja, mpaka umwonyeshe vinginevyo. Mwanafunzi aliyejizoesha mwaka mzima kusema "ndoto yangu ni kuishi Marekani" atalisema dirishani bila kukusudia, na atanyimwa papo hapo visa ya F-1, ile ya wanafunzi. Ada ya visa hairudishwi. Kama kweli ndoto yako ni kuhamia, usiifiche chini ya masomo: tafuta visa ya wahamiaji, ambayo ina masharti yake. Kama ni maabara ya Kafubu, sema hivyo kwenye insha na useme hivyohivyo dirishani, kwa sentensi mbili: utasoma nini, na kazi gani inakungoja Lubumbashi.