Kufufua Pikipiki ya Zamani Nyumbani na Kuipa Sura Mpya

Pikipiki iliyotelekezwa nyuma ya nyumba kwa miaka mingi huonekana kama imekufa, lakini mara nyingi vilivyokufa ni mipira, nyaya na petroli iliyogeuka kuwa utomvu, huku chuma chenyewe kikiwa bado kizima. Hapa Uganda mashine za namna hiyo hazijaisha. Ziko Honda na Yamaha zilizowahi kubeba maafisa wa ugani, mapadri na walimu wakuu vijijini, ambazo leo zimegeuka viota vya kuku. Mwongozo huu ni kwa mtu mwenye kibanda kinachozuia mvua, seti ya kawaida ya spana na subira ya kutosha. Msimamo wangu, ambao nitaurudia kwa sababu ndio unaookoa fedha na mashine, ni huu: kwanza ifufue kama ilivyotengenezwa, iendeshe, kisha ndipo uibadilishe sura.

Nitatumia Honda CG125 kuwa mfano. Ilianza kuuzwa mwaka 1976, na waundaji wake waliikusudia kwa nchi ambazo barabara ni za vumbi na matengenezo hufanywa kwa nadra. Kwa sababu hiyo valvu zake husukumwa na fimbo badala ya cheni ya ndani, na cheni ya gurudumu la nyuma imefunikwa kabisa. Injini hiyo ya sentimita za ujazo 124 imeigwa sana na viwanda vya China, kwa hiyo gasketi, kebo na pistoni za kuigiza hupatikana kwa urahisi, ingawa si kila kifaa kinachofanana kitaingia sawasawa. Nenda dukani na kifaa cha zamani mkononi, ukakipime kando ya kipya kabla ya kulipa.

Kabla ya spana, shika karatasi. Linganisha namba ya fremu, iliyogongwa kwenye shingo ya usukani, na namba ya injini, na zile zilizoandikwa katika logibuku, yaani kitabu cha usajili. Zisipolingana, au mwenye pikipiki akisema logibuku ilipotea, mwache aimalize shida hiyo kwanza, kwa maana mashine nzuri isiyo na hati haiwezi kutembea barabarani kihalali. Rangi nayo imeandikwa humo, kwa hiyo ukikusudia kuibadilisha, au kuweka injini nyingine, uliza mapema katika ofisi ya usajili ni taratibu zipi zinazohitajika.

Sasa ichunguze kabla ya kuifungua. Tazama shingo ya fremu na mahali bomba za fremu zinapokutana, utafute nyufa na alama za kuchomelewa. Zungusha magurudumu na kuyatikisa kando ili usikie beringi. Weka gia huru, kisha sukuma kiki kwa mkono. Ikizunguka, hiyo ni habari njema. Ikigoma, usiilazimishe kwa mguu. Pistoni iliyoshikwa na kutu huachia kwa mafuta na muda. Toa plagi, mimina ndani ya silinda mafuta ya kulegeza kutu, au mchanganyiko wa mafuta ya gia otomatiki na asetoni kwa kiasi sawa, na uiache siku kadhaa huku ukiongeza kila yanapopungua. Kisha jaribu kuizungusha krankshafti, yaani mhimili unaosukumwa na pistoni, polepole, mbele na nyuma, kwa spana. Nguvu za pupa huvunja ringi na kukwaruza ukuta wa silinda ambao pengine ungeweza kuokolewa.

Wakati wa kufungua, piga picha kwa simu kila hatua, hasa mapito ya nyaya na kebo, na uweke bolti za kila sehemu katika kopo lake lenye jina. Skrubu za injini za Kijapani zina msalaba unaofanana na ule wa bisibisi ya nyota ya kawaida, lakini kina chake si kile kile. Bisibisi ya kawaida hupanda juu na kuula msalaba. Tafuta bisibisi inayolingana na kiwango cha Kijapani, au tumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo, ambayo hushindilia na kuzungusha kwa wakati mmoja. Usitupe chochote. Madigadi iliyopinda na beji iliyofifia ni vitu ambavyo hutavipata tena dukani, na chuma cha asili kilichonyooshwa mara nyingi hukaa mahali pake kuliko cha kuigiza.

Tangi linastahili kazi ya polepole. Petroli ya zamani iliyobaki imwage mbali na moto, na usimruhusu mtu yeyote kuchomelea tangi ambalo bado lina harufu ya petroli, kwa sababu mvuke wake hulipuka hata tangi likiwa tupu. Ondoa bomba la mafuta na mfuniko, tia ndani nati chache na maji ya sabuni, utikise hadi kutu iliyolegea itoke, uhakikishe nati zote zimetoka kwa kuzihesabu, kisha usuuze.

Kwa kutu iliyobaki napendekeza molasi, na kwa nchi yenye viwanda vya sukari kama vya Kakira, Lugazi na Kinyara si bidhaa ngumu kupata, kwa kuwa wafugaji huinunua kulishia ng'ombe. Changanya sehemu moja ya molasi na sehemu tisa au kumi za maji, jaza tangi hadi juu, ziba tundu la bomba, lakini mdomo wa juu ufunike kwa kitambaa tu, kwa sababu mchanganyiko huo huchachuka na kutoa gesi inayohitaji njia. Kazi hii huchukua wiki moja hadi mbili, na harufu yake si ya kuweka karibu na jiko. Molasi hula kutu na kuacha chuma, tofauti na asidi kali ya betri ambayo wengi hukimbilia nayo na ambayo hula vyote viwili. Hata hivyo, usitumbukize humo kabureta wala kifaa chochote cha alumini au zinki, kwani vitaharibika. Mwishoni suuza kwa maji mengi, kausha haraka juani, na papo hapo zungusha ndani mafuta kidogo yaliyochanganywa na petroli, maana chuma kilicho uchi hushika kutu mpya ndani ya saa chache.

Kabureta ifungue yote, isafishe kwa dawa yake, na kila tundu la jeti, yaani kifaa kidogo kinachopima petroli inayopita, lipulizwe kwa hewa. Usichokoe kwa waya wa chuma, kwani tundu likipanuka hata kidogo kipimo chake kimepotea. Hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi vya matengenezo hulipitia juu juu. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Kabale inakaribia 2,000. Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyopimwa kwa ajili ya pwani humwaga petroli nyingi kuliko inayohitajika kwa hewa inayoingia. Dalili yake ni plagi yenye masizi makavu meusi na injini inayolegea mlimani. Ikiwa sindano ya kabureta ina mifereji ya klipu, pandisha klipu mfereji mmoja ili sindano ishuke. Isipotosha, jaribu jeti kuu ya namba inayofuata kwa udogo. Skrubu ya hewa ianzie karibu mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipofungwa, kisha irekebishe injini ikiwa imepata moto, hadi iungurume kwa utulivu. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu inaonyesha kwamba umefika.

Silinda ikiwa na mikwaruzo inayoshika ukucha, ipeleke kwa fundi kereza. Katwe mjini Kampala ina mafundi wa chuma wa kila namna. Pistoni za ukubwa wa ziada huongezeka kwa milimita 0.25, kwa hiyo nunua pistoni kwanza, kisha fundi akereze silinda kulingana na pistoni hiyo mahususi. Ukimpa silinda pekee, unamwachia abahatishe. Valvu zisagwe kwa mkono kwenye viti vyake hadi mstari wa kijivu uzunguke bila kukatika. Baada ya kufunga, nafasi ya valvu za CG125, yaani uwazi mdogo kati ya valvu na kifaa kinachoisukuma, ni milimita 0.08 injini ikiwa baridi, kwa ya kuingiza na ya kutoa. Tia mafuta ya injini yanayoruhusiwa kwa klachi iliyolowa, yaani klachi inayofanya kazi ndani ya mafuta hayo hayo; yawe na alama ya JASO MA, ambayo ni ya kiwango cha Kijapani. Baadhi ya mafuta ya magari huwa na viungo vya kupunguza msuguano vinavyofanya klachi iteleze.

Katika umeme, mashine za mwanzo zilikuwa na volti 6 na pointi, yaani swichi ndogo ya kukata umeme ili cheche itoke, za baadaye zikawa za volti 12. Pointi zipigwe msasa laini na kupimwa milimita 0.3 hadi 0.4 zikiwa wazi kabisa. Cheche ikiwa dhaifu na ya njano, shuku kondensa, kile kikopo kidogo kinachounganishwa na pointi, kabla ya koili inayozalisha umeme wa cheche. Nyaya zilizokakamaa zibadilishwe zote, na mahali waya wa hasi unapofungwa kwenye fremu pakwanguliwe hadi chuma king'ae, kwa sababu taa nyingi zinazofifia huponea hapo.

Breki na tairi hazina mjadala. Vumbi la viatu vya breki vya zamani linaweza kuwa na asbesto, hivyo usilipulize. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Kiatu kilichobakiwa na milimita 2 kibadilishwe. Tairi zilizotengenezwa tangu mwaka 2000 zina tarakimu 4 ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa hiyo 1409 ni wiki ya 14 ya mwaka 2009, na tairi hiyo haifai kubeba mtu hata kama meno yake ni mapya.

Endesha pikipiki ikiwa bado na sura yake mbaya, kwa wiki kadhaa, katika njia tulivu. Mafuta yatakayovuja na bolti zitakazolegea zijitokeze sasa, kabla rangi haijapakwa.

Urembo sasa una haki yake. Rangi ipakwe katika miezi mikavu, Desemba hadi Februari au Juni na Julai kwa upande wa kati wa nchi, kwa kuwa unyevu wa msimu wa mvua huifanya itoke na ukungu mweupe. Piga msasa hatua kwa hatua, na ukitumia rangi inayochanganywa na kigandishi, vaa kifuniko cha pumzi kinachostahili. Kitambaa cha pua hakizuii sumu yake, na kama huna kifaa hicho mpe kazi hiyo fundi wa rangi mwenye chumba chake cha kupakia.

Usukani mfupi na kiti chembamba hubadilisha umbo lote, na mafundi wanaoshona viti vya bodaboda wanaweza kukushonea unachotaka ukiwapa kiunzi kilichopimwa vizuri. Fanya mabadiliko yanayofungwa kwa bolti badala ya kukata fremu, ili atakayekuja baadaye aweze kuirudisha. Baada ya kubadilisha usukani, uzungushe kushoto na kulia hadi mwisho injini ikiwa imewaka. Mlio ukipanda, kebo imevutika na inapaswa kupitishwa upya.

Vitu viwili ninavipinga waziwazi ijapokuwa vinapendwa na vijana. Chujio la hewa lililo wazi hupendeza machoni, lakini vumbi jekundu la barabara za maramu hupita humo na kusaga ringi; sponji ya asili iliyooshwa kwa mafuta ya taa na kupakwa mafuta ya injini hulinda zaidi. Vilevile kifuniko cha cheni cha CG125 kisiondolewe, hata kama kinaonekana cha kizee. Ukitaka kubadilisha kitu upande wa cheni, badilisha sproketi ya mbele, yaani gurudumu la meno linalovuta cheni: jino moja pungufu kwa anayeishi Kisoro au miteremko ya Elgon, jino moja zaidi kwa anayesafiri barabara ya Jinja.

Kwa kilomita 500 za kwanza baada ya kukereza silinda, usizungushe mkono wa mafuta hadi mwisho wala kushikilia mwendo mmoja kwa muda mrefu, kisha badilisha mafuta ya injini, kaza nati za kichwa cha silinda injini ikiwa imepoa kabisa, na baada ya hapo upime tena nafasi ya valvu.