Unataka kuangalia Le Mans masaa 24 ukiwa Mwanza? Fuata gari za GT3

Kila ikikaribia mwezi wa 6, zile mbio za magari za Le Mans kule Ufaransa, wadau wa magari hapa Mwanza wananiuliza swali lile lile, hivi masaa 24 mnaangaliaje mpaka mwisho bila kuchoka, na jibu langu ni lile lile, achana na anayeongoza mbio, chagua gari moja ya GT3 ukae nayo mpaka bendera.

Nasema GT3 kwa sababu zile Hypercar za mbele, daraja la gari zenye kasi kuliko zote, nyingi zimeundwa kwa ajili ya mbio tu, hujawahi kuona inayofanana nayo popote. GT3 ndugu yake anauzwa au aliwahi kuuzwa dukani. Porsche 911, BMW M4, Mustang, Lexus RC F, sura unaijua kabisa, ila ndani wametoa kila kitu wameacha siti moja na mabomba ya chuma. Hizi gari zipo tangu 2006 lakini Le Mans zimeingia 2024, daraja lao linaitwa LMGT3. Na kinachonifurahisha mimi ni injini kutofanana hata kidogo, Corvette ana V8 ya lita 5.5 haina turbo, Ferrari 296 ana V6 ya lita 3 yenye turbo mbili, 911 silinda sita za kulala tena ipo nyuma kabisa, halafu waandaaji wanazisawazisha, huyu anaongezewa kilo, yule anapunguzwa nguvu, ndo maana usiku wa manane bado unakuta gari za kampuni tofauti zinafukuzana bampa kwa bampa.

Sasa muda. Kwa kawaida wanaanza Jumamosi saa 10 jioni ya Ufaransa, kwetu inakuwa saa 11, wanamaliza Jumapili saa 11 jioni. Kule mwezi wa 6 jua linachelewa sana kuzama, giza linaingia kwetu ishakuwa saa 5 usiku, kwa hiyo kama unataka kulala lala mapema halafu amka saa 7, usiku ndo kuna mambo.

Sisi tunakaaga Kirumba kwa jamaa yetu, asubuhi mmoja anapita mwaloni anachukua sato, jioni jiko linawashwa nje na TV inageuzwa mlangoni. Ila TV peke yake haitoshi wakuu. Kamera zinawafuata Hypercar muda mwingi, gari yako ya GT3 unaweza usiione nusu saa nzima, kwa hiyo weka simu moja pembeni imefunguliwa live timing tu, hiyo ndo inakwambia gari yako iko ya ngapi, imeingia piti kujaza mafuta na kubadili tairi saa ngapi, nani yuko kwenye usukani. Bando likiwa dogo achana na video kabisa, sikiliza Radio Le Mans, wanatangaza kwa kiingereza, na timing ukiwa nayo mkononi unaona kila kitu kichwani.

Kuzitambua ni rahisi. Angalia kibao cha namba, rangi ya chungwa ni LMGT3, nyekundu Hypercar, bluu LMP2, daraja la katikati. Ubavuni kuna vitaa, kikiwaka kimoja huyo anaongoza daraja lake, viwili wa pili, vitatu wa tatu.

Halafu jua madereva, hapa ndo mbio za GT3 zinapoamuliwa. Kila gari ina madereva watatu, na lazima mmoja awe daraja la bronzi, yaani si dereva wa kulipwa, mara nyingi ni mtu ana biashara zake na anapenda mbio. Huyo huwezi kumficha, ana muda wa chini ambao lazima aendeshe, na hakuna dereva anayeruhusiwa kuzidisha masaa 4 ndani ya masaa 6. Kwa hiyo ukiona gari yako imeshuka mpaka ya 9 saa 3 usiku usikate tamaa, angalia kwanza nani anaendesha, labda wameshamaliza zamu ya bronzi wao na wenzao bado. Porsche za timu ya Manthey zimeshinda LMGT3 2024 na 2025, na dereva Richard Lietz alikuwemo mara zote mbili, lakini ule ushindi ni wa bronzi wao pia na mimi huwa nawaheshimu sana hawa watu. Hata Valentino Rossi wa pikipiki ameendesha BMW humo.

Kitu kingine cha kuangalia ni kupishana. Mzunguko mmoja ni kilomita 13.6, GT3 anautumia kama dakika 4, Hypercar kama 3 na nusu, piga hesabu mwenyewe, kila kama nusu saa Hypercar ile ile inampita tena, na ziko nyingi. Ile nyoofu ya Mulsanne inakaribia kilomita 6, chukua daraja la Kigongo-Busisi mara mbili, japo tangu 1990 wameikata kwa kona mbili. Dereva wa GT3 anaenda gizani, taa kali zinakuja nyuma, na anatakiwa ashike mstari wake asiyumbe. Mimi hapo huwa sili.

Piti nako angalia kwa makini, injini inazimwa, mafuta kwanza, tairi baadae, gari inajiinua yenyewe kwa jeki za hewa. Tairi zinatoka baridi kwa sababu kuzipasha moto ni marufuku, kwa hiyo raundi ile ya kwanza akitoka usiende chooni.

Na saa ya mwisho msizime. 2016 Toyota iliyokuwa inaongoza mbio nzima ilizima mbele ya piti zikiwa zimebaki dakika chache tu, Porsche akabeba, Toyota wakasubiri mpaka 2018. Kwa hiyo mafuta ya jenereta nunua ya kufika Jumapili saa 11 na nusu jioni, usinunue ya kufika asubuhi.