Kabla hujapakia data za wagonjwa kwenye wingu

Anza na fomu ya ridhaa, kompyuta baadaye. Itoe kabatini usome ile aya inayoeleza taarifa za mshiriki zitatumikaje. Kama mama aliyetia dole gumba aliambiwa damu yake ni ya utafiti wa malaria tu, huwezi kuwagawia data zake watafiti wa kisukari. Rudi kwanza kwenye kamati ya maadili.

Kisha uliza seva, yaani zile kompyuta za mbali za kukodi zinazoitwa wingu, ziko wapi. AWS, huduma ya wingu ya kampuni ya Amazon, ilifungua vituo vyake Cape Town mwaka 2020, na wapo wanaodhani kukaa Afrika kumemaliza neno. Cape Town si Mwanza. Data imevuka mpaka. Sheria ya Tanzania ya kulinda taarifa binafsi, ya 2022, na ile ya Kenya ya 2019, zote zina masharti kwa taarifa zinazotoka nchini, na taarifa za afya ni nyeti.

Jenomu moja ya mtu, yaani DNA yake yote, iliyosomwa kwa kina cha mara 30 (kila sehemu imesomwa wastani wa mara 30), huweza kufika gigabaiti 100. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, hizo ni kama saa 22 bila kukatika, na umeme wetu tunaujua. Tumia programu inayoendelea pale ilipoishia. Ikimaliza, linganisha namba za uhakiki (checksum), zinazokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, za faili la huku na la kule: zikifanana, limefika salama; ukifuta nakala yako kabla ya hapo, umejitakia.

Kuingiza data kwa kawaida ni bure. Kuzitoa ndiko kunakoumiza: kwenye seva za Marekani, AWS hutoza karibu senti 9 za dola kwa gigabaiti, yaani terabaiti moja ni kama dola 90, na kila mwenzako akiishusha, hesabu inaanza upya. Heri wote mchambulie data mle mle winguni, bila kuzishusha. UK Biobank, hazina ya data za afya ya Uingereza yenye washiriki 500,000, ilifungua jukwaa la namna hiyo mwaka 2021.

Jaribu kwanza na data zisizo na siri. Jenomu za Waluhya wa Webuye, Kenya, katika mradi wa kimataifa wa kusoma jenomu uitwao 1000 Genomes, ziko wazi kwa yeyote. Weka tahadhari ya bajeti, ila jua kwamba hiyo hukujulisha tu. Mashine ya wingu uliyosahau kuizima Ijumaa itakutoza hadi Jumatatu.

Orodha inayounganisha namba za washiriki na majina yao ibaki kituoni. Kagua pia majina ya mafaili: safu ya majina ndani ya jedwali imefutwa vizuri, kumbe faili lenyewe linaitwa kwa jina la mgonjwa.