SOMO: Mtandikie mkeka kwanza, kalenda baadaye

Habari za jioni wapendwa. Juzi kwenye huduma ya mkoba, yaani kliniki tunayoipeleka vijijini, upande wa Chamwino, mama mmoja kijana alinivuta pembeni akaninong'oneza: "Nesi, mtoto wa jirani wamepishana wiki moja na wangu, mwenzie ameshasimama. Wangu amekaa tu kama mzigo." Mtoto mwenyewe ana miezi tisa. Nilimkuta juu ya kanga na kifuniko cha chupa. Anakihamisha mkono huu kwenda ule, anakigonga chini, anatega sikio, anakigonga tena. Nikamwambia mama, huyu hana shida, huyu yuko kazini.

Swali kama hilo naulizwa kila kliniki, kwa hiyo leo naliandika lote. Fuateni hatua kwa hatua, maswali mwisho.

Hatua ya 1: Jua umri wake kwa hakika

Hesabu miezi kuanzia tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye kadi ya kliniki. "Alizaliwa wakati wa zabibu" haitusaidii, maana Dodoma zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka. Kama mtoto ni njiti, toa zile wiki alizowahi. Aliyezaliwa mimba ikiwa na wiki 32 amewahi wiki 8, kwa hiyo akitimiza miezi sita mtazame kama wa miezi minne. Endelea hivyo mpaka afike miaka miwili. Nimeona mama wa njiti akilia bure kwa kukosa hesabu hii ndogo tu.

Hatua ya 2: Simamia mizani

Hapa nitakaa kidogo, maana makosa mengi huanzia hapa.

Mwezi wa saba, ule upepo wa Dodoma unapokata ngozi, watoto wanakuja kliniki wamevaa masweta mawili, kofia ya uzi, soksi na nepi iliyolowa. Akining'inizwa hivyo, mizani inasoma kilo 7.4. Mvue, inasoma 6.9. Mwezi wa kumi joto likirudi anapimwa na fulana, kadi inaonyesha amepungua au hajaongezeka, nyumba nzima inaanza kumtafuta mchawi. Mimi mwenyewe yalinikuta na mwanangu wa pili, kwenye kituo ambacho sitakitaja: alipimwa na sweta, mwezi uliofuata bila sweta, na mimi, nesi mzima, nikakosa usingizi siku tatu kabla sijakumbuka lile sweta.

Kwa hiyo: mtoto avuliwe. Kabla hajawekwa, tazama mshale wa mizani na ile suruali ya kupimia ikiwa tupu. Uwe kwenye sifuri. Soma mwenyewe namba, hakikisha iliyoandikwa ndiyo uliyoiona. Si ukorofi, ni haki yako.

Omba na urefu upimwe. Chini ya miaka miwili anapimwa amelala kwenye ubao, watu wawili wakimshika, mmoja kichwa na mwingine magoti. Akivuka miaka miwili anasimama. Foleni ikiwa ndefu urefu ndio unaorukwa, na urefu ndio unaofichua udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake. Mtoto anaweza kuwa na mashavu mazuri kabisa na bado amedumaa. Utafiti wa kitaifa wa afya na watu wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ukiwapanga kumi pale kliniki, watatu.

Hatua ya 3: Soma mstari, usisome nukta

Nukta moja kwenye kadi haikuambii kitu. Unganisha tatu, nne, uone mstari unaelekea wapi. Mtoto mdogo wa umbo anayepanda taratibu sambamba na mistari ya kadi yuko salama kuliko bonge ambaye mstari wake umelala miezi miwili mfululizo.

Kwa makadirio: aliyezaliwa na kilo 3 hufika 6 kwenye mwezi wa tano hivi, na 9 akitimiza mwaka. Urefu huanza kama sentimita 50 na kuongezeka kama 25 mwaka wa kwanza, kisha kasi inapungua, kama 12 tu mwaka wa pili. Ndiyo maana mtoto wa mwaka na nusu "anakonda": anarefuka na kukimbia.

Hatua ya 4: Mkeka

Mwili wa mtoto hukomaa kutoka juu kwenda chini: shingo, mgongo, kiuno, miguu. Na kutoka katikati kwenda pembeni: bega linatangulia, vidole vinafuata. Huwezi kuruka foleni hii. Unachoweza ni kumpa mahali pa kuifanyia kazi, na mahali penyewe ni chini.

Tangu wiki za mwanzo, akiwa macho na hajatoka kunyonya, mlaze kifudifudi dakika mbili tatu, mara kadhaa kwa siku, nawe ulale chini uso kwa uso naye. Atanung'unika. Atainua kichwa, kitaanguka, atainua tena. Usingizi ni kwa chali, hilo msichanganye. Kati ya mwezi wa tatu na wa nne shingo inakuwa imekaza, na baada ya hapo siku moja utageuka kuchukua nepi ukute amejipindua. Kuanzia hapo kitandani asiachwe peke yake.

Hatua ya 5: Kukaa

Bibi zetu walimkalisha mtoto kwenye beseni lililozungushiwa kanga, na vijijini wengine kwenye kishimo cha mchanga. Sioni ubaya, ikiwa shingo imekaza na ni dakika chache. Kuna mtafiti wa Marekani, Charles Super, alichunguza watoto wa Wakipsigis kule Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 1976. Aliona wanakaa na kutembea mapema kuliko watoto wa kwao, lakini kwenye kutambaa hawakuwazidi. Sababu? Mama zao waliwafundisha makusudi kukaa na kutembea, kutambaa hakuna aliyewafundisha. Nyinyi mnaowadharau bibi, mjue walikuwa walimu.

Hatua ya 6: Kutambaa, dede, tete

Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatoa vipindi ambavyo watoto wenye afya hufikia kila hatua. Nakili pembeni ya kadi:

Kukaa bila kushikiliwa: kati ya mwezi wa 4 na wa 9.
Kutambaa kwa mikono na magoti: wa 5 hadi wa 13 na nusu.
Kusimama dede bila kushika kitu: wa 7 hadi wa 17.
Kutembea mwenyewe: wa 8 hadi wa 17 na nusu.

Tazama upana wake. Mmoja anatembea na miezi tisa, mwenzie na miezi kumi na saba, na wote ni wazima. Yule jirani wa Chamwino kawahi tu.

Hatua ya 7: Usisahau mikono

Kila mtu anasubiri miguu. Mimi natazama vidole. Mwezi wa tano, wa sita, anakomba kitu kwa kiganja kizima. Karibu na wa tisa, wa kumi, mwage punje chache za uwele mkekani ukae naye: atanyoosha kidole cha shahada, ataigusa punje moja, itakimbia, ataifuata, halafu ataibana kwa kidole gumba na cha shahada na kuinyanyua kama fundi saa. Kisha ataipeleka mdomoni, kwa hiyo mkono wako uwe karibu. Karanga nzima na kokwa za ubuyu zisikae karibu na mtoto mdogo kabisa, zinapalia.

Baada ya mwaka mambo yanakwenda mbio: kupanda kigoda, kupiga mpira mwaka wa pili, kuruka kwa miguu miwili kuelekea miaka miwili na nusu, mguu mmoja kwenye miaka minne. Hapo mpe uwanja na viatu vichache.

Hatua ya 8: Wakati wa kutosubiri

Nenda zahanati ikiwa shingo haijakaza na miezi minne imepita. Hakai akiwa amemaliza wa tisa. Hatembei na ana mwaka na nusu. Nenda pia kama mwili wake ni mkakamavu kama kijiti au umelegea kama kitambaa kilicholowa, au kama anatumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka (msiseme "atakuwa wa kushoto", ni mapema mno). Kichwa kikikua haraka kupita kiasi, au utosi ukituna akiwa ametulia, nenda siku hiyohiyo. Na aliyekuwa anakaa akaacha kukaa, asisubiri tarehe ya kliniki. Mtindio wa ubongo (ubongo ulioumia, hauongozi misuli vizuri) ukigundulika mapema, mazoezi ya viungo yanasaidia sana kuliko ukigundulika na miaka mitatu.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Mama Careen, Nkuhungu: Dada nesi, nimenunua woka Sabasaba, elfu sitini yangu. Ndiyo nimepoteza?

Pole mama Careen. Mtoto kwenye woka anasukuma kwa ncha za vidole huku kiti kimembeba, hajifunzi kujibeba. Tena anafika kwenye jiko la mkaa kabla hujatamka jina lake. Kanada walipiga marufuku kuviuza tangu 2004. Mpe benchi imara ashike, au kigari cha mbao cha kusukuma kwa nyuma.

Baba Ridhiwani, Kizota: Wangu hakutambaa kabisa, alisota kwa makalio, sasa anatembea. Wazee wanasema atakuwa mzito wa akili.

Mwambie mzee shikamoo, kisha umwambie kwamba katika ule utafiti wa 2006 watoto kama 4 kati ya 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti. Kama anatumia pande zote mbili za mwili sawasawa, basi umenunua suruali nyingi tu.

Baba Eliya, Kibaigwa: Nesi, samahani kwa swali hili. Mtoto ana miezi minane, uzito umesimama tangu wa sita. Mama yangu anasema tumembemenda, yaani tumekutana kimwili angali ananyonya. Mke wangu hali chakula kwa mawazo.

Usiombe samahani, nashukuru umeuliza wewe na si yeye, maana lawama hii siku zote humwangukia mwanamke. Tendo la ndoa haliharibu maziwa wala halimdhoofishi mtoto. Wazee waliona kitu cha kweli wakakipa sababu isiyo yake: mama akishika mimba nyingine mapema, mtoto huachishwa ziwa mapema na kukonda. Hiyo ni habari ya uzazi wa mpango.

Kwa mwanao tazama sahani. Miezi sita ndipo maziwa peke yake yanapoacha kutosha. Mpe chakula mara mbili hadi tatu kwa siku, akifika wa tisa mara tatu hadi nne, na bado anyonye. Uji usitiririke kwenye kijiko kama maji. Weka yai, dagaa waliosagwa, mlenda, kijiko cha mafuta ya alizeti. Halafu unga wenyewe. Wengi mnanunua unga wa lishe una nafaka sita na karanga, umesagwa haijulikani lini. Mahindi na karanga ndiko sumukuvu, ile sumu ya ukungu, inakopenda, na kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu hapa Dodoma na Manyara, hatujasahau. Chambua punje moja moja, zenye ukungu, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi tupa, usimpe hata kuku. Saga kidogo kidogo, karanga ziponde siku ya kupika.

Na jumatatu mpeleke apimwe, maana malaria, kuhara na mkojo mchafu navyo husimamisha mstari. Mwambie mke wako ale.

Mama Nuru, Kondoa: Ana mwaka na miezi minne, ametembea vizuri ila ana matege. Nimfunge vitambaa?

Usimfunge. Watoto karibu wote huzaliwa miguu imejikunja kwa jinsi walivyokaa tumboni, nayo hunyooka kuelekea miaka miwili. Miaka mitatu, minne magoti huanza kugongana, utanitafuta tena kwa hofu nyingine. Hilo nalo hupita. Mpeleke kama matege yanazidi baada ya miaka miwili, mguu mmoja umepinda kuliko mwingine, au viungo vya mikono vimevimba kama vina bangili ndani. Hayo yanaweza kuwa ya upungufu wa vitamini D au madini ya chokaa. Jua tunalo la kugawa, ila watoto wa mjini wanashinda ndani na waliotoka wamefunikwa gubigubi.

Bibi Matonya, Mvumi: Mimi nashinda na mjukuu mgongoni shambani, ana miezi saba. Mkwe wangu ameniambia mbeleko inapinda mifupa.

Shikamoo bibi. Mbeleko haina kosa, ile miguu kupanuka kiunoni mwako inafaa nyonga zake. Ila asishinde humo kutwa. Ukifika kwenye kivuli, tandika gunia safi, mfungue, mwekee kikombe cha bati na kijiko mbele yake, mbali kidogo na mkono ulipoishia, umwache akihangaikie. Na kadi yake ibaki kwako bibi, mama yake asiende nayo mjini. Tarehe 14 tunakuja na mizani.