Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuunda Saketi ya Transista ya Kupigisha Rilei

Kabla ya kuwasha chuma cha kulehemu, pima ukinzani wa koili ya rilei yako (swichi inayovutwa na sumaku ya koili) kwa mita. Rilei ndogo ya volti 12 kwa kawaida huwa na koili ya ohmu 400 hivi, yaani hula miliampia 30, na transista ya BC547, ambayo kikomo chake ni miliampia 100, huimudu bila taabu. Ile ya volti 5 hula zaidi ya miliampia 70; kwa hiyo tumia 2N2222.

Beisi (mguu wa transista unaopokea ishara) ipate moja ya kumi ya mkondo wa kolekta (mguu unaobeba mkondo wa koili) ili transista ifunguke kabisa. Ikiwa inaamshwa kwa volti 12, toa volti 0.7 za beisi, kisha gawanya kwa miliampia 3 (ampia 0.003). Utapata karibu ohmu 3,800, basi weka rezista ya 3,300. Diodi ya 1N4007, ya kuikinga transista koili inapozimwa, ikae sambamba na koili, mstari wake ukielekea upande chanya, na hapo hapana mjadala.

Jambo ambalo wengi hawalihesabu ni idadi ya mipigo yenyewe. Mwenye vizimba vya samaki mmoja, upande wa Igombe kwenye Ziwa Victoria, alitaka taa ya kumulikamulika usiku ili mitumbwi ya dagaa isivigonge, na fundi wake akamtengenezea saketi safi ya 555 (chipu ya kupima muda), transista na rilei, ikiwasha balbu ya gari ya wati 55 kila sekunde. Juu ya meza ilipendeza kuitazama. Lakini rilei za aina hiyo kwa kawaida hutengenezwa zihimili takriban mara 100,000 zikiwa na mzigo wake kamili, na mpigo mmoja kwa sekunde kwa usiku wa saa kumi ni mipigo 36,000, kwa hiyo siku tatu tu zinatosha kuuvuka umri huo. Tena waya wa balbu ukiwa baridi huvuta mkondo mara nyingi zaidi ya ule wa kawaida, na kila mpigo huunguza kidogo kontakti, yaani vipande vya chuma vinavyogusana ndani ya rilei. Siku chache baadaye kontakti ziligandana, taa ikabaki imewaka mfululizo hadi betri ikaisha, na alfajiri mtumbwi ukaparamia kamba za kizimba gizani. Transista, ambayo wote waliishuku kwanza, ilikuwa nzima.

Kwa hiyo jiulize kwanza kama rilei inahitajika hata kidogo. Kwa taa inayomulika usiku kucha, mosfeti (aina ya transista) hufanya kazi hiyo bila kontakti yoyote ya kuungua. Rilei iachie pampu au king'ora kinachoamka mara chache kwa saa. Ukilazimika kuitumia, weka taa ndogo ya LED na upunguze mipigo hadi mmoja kila sekunde tano, nayo itakuwa 7,200 kwa usiku.

Mengine ni ya kawaida ila yasisahaulike. Fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na taa. Betri ya sola ikichajiwa hufika volti 14.4, basi jaribu saketi katika hali hiyo pia. Kasha lizibwe vizuri, maana unyevu wa ziwa hula shaba haraka, na kama kontakti zitabeba umeme wa volti 230, usiweke chochote cha namna hiyo majini wala karibu na maji kabla fundi umeme mwenye leseni hajaikagua.